Novemba 1914: huwezi kuielewa Tanga bila kuisoma Coronel, Cocos na Basra za mwezi huohuo

#1 – Chumbageni14

Wakuu, salaam.

Kila Vita vya Tanga vinapotajwa mjadala huishia kwenye nyuki waliowauma askari. Safari hii naomba tuufungue mwezi mzima, dunia nzima, halafu tuirudishe Tanga mahali pake. Hoja yangu ni hii: Waingereza walipokuja Tanga, meli zao nzuri na askari wao waliofunzwa walikuwa tayari wamegawiwa sehemu nyingine zenye uzito zaidi kwao. Tanga ilipelekewa kilichobaki.

Anzeni na herufi. Serikali ya India ilipanga majeshi ya kwenda ng'ambo kwa alfabeti. A lilikwenda Ufaransa, nalo ndilo lililobeba vikosi bora. B ndilo la Tanga. C lilitumwa kulinda Reli ya Uganda, ambayo sehemu yake kubwa ipo Kenya ya leo. D lilikwenda Ghuba. E na F yalikwenda Misri kulinda Mfereji wa Suez. B na D yaling'oa nanga Bombay siku moja, 16 Oktoba 1914. D lilifika Bahrain tarehe 23, B likafika Mombasa tarehe 31. Walioondoka bandari moja asubuhi moja walipata matokeo yaliyopishana kabisa, na tutaona kwa nini.

Sasa mwezi wenyewe.

1 Novemba. Pwani ya Chile, mbele ya Coronel, kikosi cha admirali Mjerumani Maximilian von Spee kinazamisha manowari mbili za Uingereza, Good Hope na Monmouth. Watu karibu 1,600 wanakufa, hakuna aliyepona katika meli hizo mbili. Wajerumani wanajeruhiwa watatu. Siku hiyohiyo, Albany huko Australia, msafara wa meli zaidi ya 35 wenye askari wa Australia na New Zealand unaanza safari ya Bahari ya Hindi.

2 Novemba. Urusi inatangaza vita dhidi ya dola ya Uthmani, siku nne baada ya meli za Waturuki chini ya admirali Mjerumani Souchon kushambulia bandari za Bahari Nyeusi. Misri inawekwa chini ya amri ya kijeshi. Manowari Fox inaingia Tanga kudai mji ujisalimishe.

3 Novemba. Longido, kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro, jeshi la C linapanda mlima kuwashambulia Wajerumani na kushindwa. Meli za Uingereza na Ufaransa zinapiga ngome za mlango wa Dardanelles, na ghala la baruti la Sedd el Bahr linalipuka. Meli za Kijerumani zinapiga Yarmouth, Uingereza.

4 Novemba. Tanga, shambulio kubwa. Linavunjika kabla ya jua kutua.

5 Novemba. Uingereza na Ufaransa zinatangaza vita dhidi ya Uthmani. Uingereza inaitwaa Kupro rasmi, kisiwa ilichokuwa ikikitawala tangu 1878. Tanga, jeshi la B linarudi melini.

6 Novemba. Jeshi la D linashuka Fao, mdomo wa Shatt al-Arab. Siku hiyo London wanampiga risasi mpelelezi Mjerumani, Carl Lody, ndani ya ngome ya Tower.

7 Novemba. Tsingtao, koloni la Wajerumani nchini China, linasalimu amri kwa Wajapani na Waingereza baada ya mabomu ya wiki nzima. Kuanzia hapo von Spee hana bandari ya kurudi.

9 Novemba. Manowari ya Kijerumani Emden inaangamizwa visiwa vya Cocos, Bahari ya Hindi.

10 Novemba. Waingereza wanazamisha meli yao wenyewe, Newbridge, kwenye mdomo mmoja wa Rufiji ili kuifungia manowari ya Kijerumani Königsberg.

12 Novemba. Afrika Kusini, Louis Botha anawashinda waasi wa Christiaan de Wet huko Mushroom Valley.

14 Novemba. Istanbul, wito wa jihadi unasomwa hadharani.

22 Novemba. Mapigano ya kwanza ya Ypres, Ubelgiji, yanamalizika, mahandaki yanabaki. Siku hizohizo Basra inaingia mikononi mwa Waingereza. Kesho yake Wamarekani wanaondoka Veracruz, Mexico.

26 Novemba. Manowari Bulwark inalipuka ikiwa imetia nanga mto Medway.

28 Novemba. Dar es Salaam inapigwa mizinga.

Nimeacha mengi. Ongezeni, na mnirekebishe kwa tarehe.

#2 – Usukani

Mkuu Chumbageni14, umeipita Coronel haraka mno. Chanzo cha sehemu kubwa ya mwezi huo kiko pale.

Hesabu ya mizinga kwanza. Meli kubwa za von Spee, Scharnhorst na Gneisenau, zilikuwa na mizinga minane ya milimita 210 kila moja, na ubavu mmoja wa kila meli ungeweza kufyatua sita. Kwa hiyo kumi na miwili kwa pamoja. Good Hope ilikuwa na mizinga mikubwa miwili tu, ya milimita 234. Iliyobaki ya Waingereza ilikuwa ya milimita 152 au pungufu, na mingi ilipangwa sitaha ya chini, karibu na maji. Bahari siku ile ilikuwa imechafuka. Ukifungua dirisha la mzinga wa chini katika mawimbi yale, maji yanaingia, mpiga shabaha haoni, na mzinga haufyatuki. Mizinga iliyohesabika kwenye karatasi nusu yake haikuwa na kazi.

La pili ni jua. Waingereza walikuwa upande wa magharibi. Jua lilipokuwa bado juu, mwanga uliwapiga Wajerumani machoni, na von Spee akakataa kusogea. Alikuwa na mwendo wa kutosha kukaa mbali. Lilipotua, meli za Uingereza zikaonekana nyeusi juu ya anga jekundu, na za Wajerumani zikamezwa na giza la upande wa bara. Ndipo akafyatua, saa moja na dakika chache za usiku. Haikufika saa moja, Good Hope ikalipuka.

La tatu, linalosahaulika: von Spee alitumia karibu nusu ya risasi zake za mizinga, na hapakuwa na mahali pa kupata nyingine karibu kuliko Ujerumani. Alipoingia Valparaíso alikaa saa 24 tu, kwa sheria ya bandari za nchi zisizo vitani, na meli zisizozidi tatu kwa wakati mmoja. Alishinda, lakini alitoka pale na ghala nusu tupu.

London ilipopata habari, admirali Fisher, aliyerejeshwa uongozini wa jeshi la majini siku chache kabla, akaamuru manowari Invincible na Inflexible ziende Atlantiki ya Kusini. Mafundi wa Devonport wakasema matofali ya tanuri za Invincible hayatakamilika kabla ya tarehe 13. Akajibu meli iondoke tarehe 11, na mafundi wakibaki na kazi waondoke nayo. Waliondoka nayo. Tarehe 8 Desemba meli hizo zilimmaliza von Spee kwenye visiwa vya Falkland.

#3 – BintiNgamiani

Shukrani kwa uzi, kaka zangu. Nina maswali mawili ya Tanga yenyewe. Jeshi la watu 8,000 linakujaje na manowari moja kuukuu kama Fox? Na kwa nini Fox ilitangulia kwenda kuwaambia Wajerumani "tunakuja" badala ya kushusha askari moja kwa moja?

#4 – Chumbageni14

Dada BintiNgamiani, maswali yako yote mawili yana majibu.

Meli. Goliath, manowari yenye mizinga ya milimita 305, ilifika Mombasa na msafara, lakini mitambo yake ilikuwa na hitilafu ikabaki hapo. Chatham, Dartmouth na Weymouth zilikuwa zinailinda Königsberg isitoke Rufiji. Kumbukeni Königsberg iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, wakati Pegasus imesimama kutengeneza mitambo. Tangu hapo hakuna admirali aliyethubutu kuiachia mlango. Meli moja iliyojificha kwenye mikoko ilikuwa imeshika manowari tatu. Ndiyo maana Tanga ikapata Fox.

Tangazo. Mwezi Agosti, baada ya manowari ya Uingereza Astraea kuupiga mnara wa redio wa Dar es Salaam, yalifanyika makubaliano ya kutoishambulia Dar es Salaam na Tanga. Serikali ya London iliyakataa, lakini nahodha wa Fox, Caulfeild, aliona ni lazima awaarifu Wajerumani kwamba yamekwisha. Tarehe 2 asubuhi akamwita bwana shauri wa wilaya, Auracher, melini. Akampa muda wa saa moja. Auracher akasema lazima aulize wakubwa wake, akarudi pwani, akapeleka habari kwa simu, akavaa sare zake za afisa wa akiba, akaenda kujiunga na askari. Fox ikabaki inasubiri jibu.

Halafu Fox ikaanza kuzoa mabomu ya baharini mlangoni mwa bandari. Hayakuwapo. Siku nzima ikapotea.

Siku hiyo ndiyo iliyomwokoa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Askari wake wengi walikuwa Moshi, kilomita zaidi ya 350 kwa reli ya Usambara. Reli ile ilikuwa nyembamba na injini zilikuwa chache. Gari moshi moja liliweza kubeba kombania moja kamili na mizigo yake na wapagazi, au kombania mbili bila mizigo. Akachagua bila mizigo. Alfajiri ya tarehe 3 Tanga ilikuwa na kombania moja na nyongeza kidogo. Tarehe 4 mchana alikuwa na watu karibu 1,000. Kama Waingereza wangeshuka adhuhuri ya tarehe 2 hapo gatini, wangekuta mji mtupu.

#5 – Bamvu_na_Mafu

Ongezeni hapo suala la maji, maana vitabu vingi vinalipita.

Muharamu ya 1333, yaani Mfunguo Nne kwa hesabu yetu ya pwani, iliandama kama 19 Novemba 1914. Rudisha nyuma: tarehe 2 hadi 4 Novemba zinaangukia kati ya 13 na 15 ya Mfunguo Tatu. Mwezi mpevu. Kwa mtu wa pwani hiyo ina maana mbili. Kwanza, usiku ulikuwa mweupe. Tishali na mashua zilizokuwa zinakwenda Ras Kasone, rasi iliyo mashariki ya mji, zingeweza kuonekana. Pili, ni maji ya bamvu, yaani yanayojaa sana na kupwa sana.

Pwani hii, siku za bamvu, maji hujaa kama saa kumi na hupwa kama saa nne, usiku na mchana vilevile. Kushusha askari Ras Kasone kulianza kama saa nne za usiku, tarehe 2. Yaani waliwashusha maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tishali inakwama mbali, mtu anashuka na bunduki na mkoba, anakanyaga tope na mizizi ya mikoko na mawe ya matumbawe, maji kiunoni, halafu anapanda genge. Na hawa walikuwa wamekaa melini zaidi ya wiki mbili, wengi wanaumwa na bahari. Kikosi cha kwanza, Rajputs wa 13 na Pioneers wa 61, kilisukumwa kwenda mjini alfajiri ileile bila kupumzika. Kikavunjika na maafisa wengi wakafa.

Yeyote aliyeulizwa katika wavuvi wa Tanga angewaambia wangoje saa kumi alfajiri, au waende gatini.

#6 – Kitabu_Wazi

Mkuu Bamvu, hiyo hesabu ya bamvu ni nzuri. Naomba sasa niseme juu ya nyuki, kwa sababu pande zote mbili za mjadala huwa zinakosea.

Nyuki walikuwapo kweli. Watu wa huku hutundika mizinga ya magogo yaliyotobolewa juu ya miti. Mzinga mmoja unaweza kuwa na nyuki maelfu mengi. Risasi ikipasua gogo, nyuki hutoka kujihami. Akishauma mmoja, hutoa harufu inayowaita wenzake kuuma palepale. Kadiri mtu anavyopunga mikono ndivyo wanavyozidi kumwandama. Mchana ule wa tarehe 4 kikosi cha 98 cha India kilitawanywa na nyuki. Lakini Lettow mwenyewe ameandika kwamba nyuki waliwafukuza hata watu wa bombomu (bunduki za rashasha) wa kombania yake moja. Hawakuwa na upande, wala hakuna aliyewatega kwa nyuzi kama magazeti ya Uingereza yalivyodai baadaye.

Kilichoamua ni ubavu. Waingereza walisonga kutoka mashariki kuelekea mjini, katika mashamba ya mkonge na vichaka vilivyowatenganisha. Upande wao wa kulia, karibu na bahari, Loyal North Lancashire na askari wa Kashmir walifika mpaka ndani ya mji, wakapigana nyumba kwa nyumba. Upande wa kushoto ulibaki unaning'inia, hauna kitu pembeni. Lettow alikuwa ameweka akiba hasa upande huo. Alipoona mwisho wa mstari wao, akazungusha kombania na bombomu, akaupiga kutoka pembeni na nyuma. Mstari ukakunjika kuanzia kushoto mpaka ufukweni. Ndio uliokuwa ushindi.

Tena askari wengi wa Kijerumani walikuwa na bunduki za 1871, risasi moja moja, za milimita 11, zenye baruti nyeusi. Ukifyatua, moshi unainuka na kuonyesha ulipo. Kwa bunduki hizo kushinda jeshi lililowazidi mara nane si jambo dogo, na ni askari Waafrika waliofanya kazi hiyo kwa idadi kubwa kabisa. Waingereza walipoteza zaidi ya 800 kwa waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili walikufa watu kama 70, Wajerumani na askari pamoja, akiwamo Tom von Prince.

Waingereza waliacha ufukweni bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, risasi 600,000, bombomu 16, simu za uwanja wa vita na nguo. Vita vya miaka minne huku vilitiwa nguvu na shehena hiyo.

#7 – Chumbageni14

Kitabu_Wazi umesema. Niongeze Longido, kwa kuwa ilipangwa kwenda sambamba. Mpango ulikuwa Tanga ipigwe kutoka baharini na Moshi ishikwe kutoka Longido, Wajerumani wabanwe katikati ya reli. Tarehe 3 watu kama 1,500 walipanda mlima usiku kucha wakapigana mchana kutwa. Nyumbu waliobeba maji wakatishwa na doria ya Wajerumani. Mlima wenyewe chemchemi yake ilikuwa mikononi mwa adui. Jioni wakashuka kurudi Namanga. Ni kiu iliyowarudisha. Na kwa kuwa hapakuwa na mawasiliano ya moja kwa moja kati ya majeshi mawili, hakuna aliyejua hali ya mwenzake.

#8 – BintiNgamiani

Na jeshi la D? Umesema waliondoka siku moja.

#9 – Usukani

Dada, D lilikuwa na mambo manne ambayo B halikuwa nayo. Brigedi yake ilitoka divisheni moja iliyokuwa imekwisha kufanya kazi pamoja, wakati B liliokotezwa: vikosi vya India visivyojuana, majemadari wasiowajua askari wao. D lilikaa Bahrain zaidi ya wiki moja likijipanga. Lilipoingia Shatt al-Arab lilikuwa na meli iliyonyamazisha mizinga ya Fao kwanza. Na lilikuwa na lengo la karibu: kulinda Abadan, mwisho wa bomba la mafuta ya Uajemi, mafuta ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa imenunua hisa nyingi za kampuni yake mwaka uleule. Likashuka tarehe 6, likaongezewa vikosi, likapigana Sahil tarehe 17, Waturuki wakaiacha Basra. Wiki mbili na siku chache.

Sasa Emden, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inawanyima usingizi wenye misafara ya Bahari ya Hindi.

Nahodha Karl von Müller alifika kisiwa cha Direction, Cocos, alfajiri ya tarehe 9. Pale palikuwa na kituo cha nyaya za baharini kilichounganisha Australia na Afrika na Asia. Emden ilikuwa imesimamisha dohani ya nne ya bandia ili ifanane na manowari ya Kiingereza. Wafanyakazi wa kituo wakaona ile dohani haikukaa sawa, wakapiga redio kutangaza meli ya kigeni mlangoni. Msaidizi wa von Müller, von Mücke, akashuka na watu 50. Kukata waya wa baharini si kama kukata kamba: umefungwa kwa nyuzi za chuma nene. Waliuvuta juu kwa mashua, wakaukata kwa mashoka na patasi, kazi ya saa nyingi. Waya wa kwenda Australia wakaukata. Lakini wafanyakazi walikuwa wamefukia vyombo vya akiba mchangani, na mawasiliano yakarudi upesi.

Hitilafu kubwa ya von Müller ilikuwa makaa. Aliita kwa redio meli yake ya makaa, Buresk, ije hapo. Walipoona moshi mbali walidhani ni hiyo. Ilikuwa Sydney, iliyokuwa inasindikiza ule msafara wa Albany, maili zisizozidi 60 tu kutoka hapo. Sydney: mizinga minane ya milimita 152, risasi ya kilo 45. Emden: mizinga kumi ya milimita 105, risasi ya kilo 17. Emden ilipiga kwanza na kuharibu kipima umbali cha Sydney, lakini Sydney ilikuwa na mwendo zaidi ikajiweka mbali na kupiga. Emden ikapandishwa mwambani Keeling Kaskazini, zaidi ya watu 130 wamekufa. Sydney walikufa wanne.

Watu wa von Mücke waliachwa kisiwani. Wakachukua jahazi la milingoti, Ayesha, la tani 97, wakatweka tanga mpaka Padang, wakapanda meli nyingine, wakafika Hodeida, Yemen, wakapita Uarabuni mpaka Istanbul, Mei 1915.

#10 – Kitabu_Wazi

Naomba mtu aeleze Bulwark. Imetia nanga, hakuna adui, inalipukaje?

#11 – Usukani

Baruti ya mizinga ya meli zile iliitwa kordaiti. Ikikaa kwenye joto hubadilika polepole na inaweza kujiwasha. Kanuni ni kuihifadhi kwenye ghala la chini lenye baridi. Bulwark walikuwa wanapanga upya ghala asubuhi ile, na vifurushi vilikuwa vimewekwa kwenye njia ya kupitishia risasi, vikiegemea ukuta wa chumba cha matanuri. Uchunguzi uliona joto la ukuta ule ndilo lililowasha kifurushi kimoja. Njia ile ilikuwa inaunganisha maghala yote ya meli, na risasi zilikuwa zimerundikwa humohumo. Moto ukazunguka mara moja. Walikufa zaidi ya 700, na waliopona hawakuzidi watu 15.

#12 – MpigaHesabu

Upande wa fedha kwa kifupi. Soko la hisa la New York lilikuwa limefungwa tangu 31 Julai, kwa hofu kwamba Wazungu wangeuza hisa zao zote na kuchukua dhahabu. Lilifunguliwa 28 Novemba kwa hati za mikopo tu. Hisa zilisubiri hadi Desemba. Tarehe 16 Novemba zilifunguliwa benki 12 za mfumo wa benki kuu ya Marekani, chini ya sheria iliyosainiwa Desemba 1913. Vita ndivyo vilivyoifanya benki kuu ile ianze kazi nzito mapema kuliko waanzilishi walivyokusudia.

#13 – Bamvu_na_Mafu

Jihadi. Tarehe zake huwachanganya watu. Kalenda ya serikali ya Uthmani iliandika 14 Novemba kama siku ya kwanza ya mwezi wake, mwaka 1330, na Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo 2 Novemba yetu ni 20 Oktoba yao. Mkisoma hati za zamani, angalieni kwanza kalenda ndipo mseme mtu amekosea.

Wito ulisomwa Istanbul kwa amri ya Sheikh ul-Islam, ukafasiriwa kwa Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitatari. Shabaha ilikuwa Waislamu walio chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Kwa pwani yetu jambo lilikuwa gumu: askari wa Wajerumani wengi walikuwa Waislamu, wa jeshi la India walioletwa Tanga walikuwamo Waislamu, na Zanzibar Sultani Khalifa bin Harub aliwataka Waislamu wa Afrika Mashariki wabaki watulivu chini ya Waingereza. Mito ya damu iliyotarajiwa na Berlin haikutokea. Kuna sababu ya wazi: sultani wa Istanbul alikuwa anaita jihadi dhidi ya Wakristo akiwa ameungana na Wakristo wengine.

Jambo moja la kwetu: gazeti la Kiswahili Kiongozi lilikuwa linachapwa Tanga penyewe, shule ya serikali, tangu 1904. Msomaji wa Kiswahili hakuwa gizani kuhusu vita hii.

#14 – BintiNgamiani

Rufiji na Dar es Salaam zimebaki. Newbridge ilifaa kitu?

#15 – Chumbageni14

Kidogo, dada. Newbridge ilikuwa meli ya makaa. Tarehe 10 ilipelekwa mdomo wa Suninga chini ya risasi kutoka kwenye mikoko, ikawekwa kimshazari, ikalipuliwa chini, ikakaa. Lakini Rufiji ina midomo mingi: Simba Uranga na Kikunja zilibaki wazi. Tena hakuna aliyekuwa na uhakika Königsberg imekaa wapi hasa, maana ilikuwa imesogea juu zaidi mtoni, mbali na mizinga ya manowari za kina kirefu.

Hapo ndipo ikaletwa ndege ya majini ya Curtiss, na rubani Dennis Cutler kutoka Durban. Joto liliishinda rejeta yake. Ikabidi itafutwe rejeta ya gari la Ford Mombasa ifungwe badala yake. Tarehe 22 Novemba Cutler akaiona Königsberg. Ilikuwa ya kwanza kwa vita vya huku meli kutafutwa kwa ndege. Meli yenyewe haikumalizwa mpaka 11 Julai 1915, na mizinga yake ikatolewa majini ikapigana nchi kavu.

Dar es Salaam, tarehe 28. Goliath imekwisha kutengenezwa, iko na Fox. Wajerumani walikuwa wamezamisha gati la kuelea mlangoni tangu Agosti, kwa hiyo manowari kubwa haziingii. Zikatumwa mashua ndogo kwenda kuharibu mitambo ya meli za abiria zilizojificha ndani, König, Feldmarschall na nyinginezo, zisije zikaipelekea makaa Königsberg. Bendera nyeupe zilikuwa zinapepea mjini. Mashua zilipokuwa zinatoka, bunduki na bombomu zikafyatuka kutoka pande zote mbili za ule mlango mwembamba. Henry Peel Ritchie aliyeshika usukani alijeruhiwa mara nane ndani ya dakika 25 kabla ya kuanguka. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, wa kwanza kwa jeshi la majini katika vita ile. Goliath ikajibu kwa mizinga ya milimita 305 juu ya mji, na tarehe 30 tena. Nyumba ya gavana ikabomolewa.

#16 – Kitabu_Wazi

Na wale wa jeshi la A, Ypres? Baluchi wa 129 ndio waliotoa Mhindi wa kwanza kupata Msalaba wa Victoria, Khudadad Khan, 31 Oktoba 1914 huko Hollebeke. Kikosi hichohicho kililetwa Afrika Mashariki mwaka 1916. Yaani askari wa aina iliyokosekana Ras Kasone walikuja, miezi kumi na minne baadaye.

#17 – Usukani

Kwa walio Mombasa: Fort Jesus pana mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus. Kwa mbali vinafanana, na urefu wa mitutu hautofautiani sana. Chukua rula upime kipenyo cha mdomo kwa ndani. Wa Pegasus ni wa inchi nne, milimita 101.6. Wa Königsberg ni milimita 105. Mkikuta kutu imeula mdomo, ingizeni rula ndani zaidi kidogo ndipo msome.